Shangazi, nyonga ilichomoka kitandani, kwa daktari tukasema niliteleza bafuni

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili, na nimezaliwa na selimundu. Kwa miaka minne nilitembea na maumivu ya nyonga ya kulia mpaka ikawa kupanda ngazi ni kwa kushika ukuta. Walipopiga picha waliniambia kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu na kimeanza kubonyea. Wiki 11 zilizopita nikawekewa nyonga ya bandia. Shangazi, wiki nne za mwanzo nililia kwa furaha. Yale maumivu ya usiku yalikoma kabisa.

Wiki ya tano nilikuwa nimeketi kwenye kochi, simu ikaanguka chini, upande wa nje wa mguu uliofanyiwa upasuaji. Nikainama kuiokota. Nilisikia kitu kimeruka ndani, halafu maumivu ambayo hata uchungu wa kuzaa haukuyafikia. Mguu ukawa mfupi, vidole vimegeukia ndani. Hospitali walinipa dawa ya usingizi, wakairudisha bila kunipasua. Daktari akanikumbusha masharti: nisikunje nyonga kupita nyuzi 90, nisikunje nne, nisigeuze mguu kuelekea ndani.

Mara ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Wiki mbili zilizopita, usiku, mimi na mume wangu tulikutana kwa mara ya kwanza tangu upasuaji. Nilikuwa nimelalia ubavu wa kushoto, magoti nimeyavuta juu, yeye yuko nyuma yangu. Mguu wa kulia uliteleza mbele ukavuka mwenzake, na ule mlio ukarudi. Na yeye aliusikia. Alinivisha nguo huku mikono inamtetemeka. Njiani tukakubaliana tuseme nimeteleza bafuni. Daktari akaandika hivyo, akairudisha, akasema ikitoka tena itabidi tuzungumzie kufungua upya.

Tangu siku hiyo mume wangu analala chumba cha watoto. Anasema anaogopa kuniumiza. Mimi nashinda nimelala chali, hata mazoezi nimeacha, kwa sababu kila nikisogea naona kama itatoka. Mama mkwe naye ameniuliza nilianguka vipi ilhali sakafu ilikuwa kavu. Sikuwa na jibu.

Je, nimwambie daktari ukweli, mtu wa umri wa baba yangu? Nyonga hii ina kasoro au kosa ni langu? Nikifunguliwa tena, mwili wangu wenye selimundu utahimili? Na ndoa yangu ndiyo imefika hapa?

Mwenye aibu

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Pole ya nyonga, na pole ya hiki unachokibeba peke yako.

Mwambie daktari ukweli. Usingoje tarehe ya kliniki. Piga simu wiki hii uombe kuonana naye. Nilifanya kazi wodi ya mifupa kwa miaka mingi kabla sijastaafu, kwa hiyo nitakueleza kwa nini jambo hili ni la tiba kwanza, na aibu ije baadaye.

Nyonga yako mpya ni tufe ndani ya kikombe. Nyonga ya kuzaliwa ina kifuko kigumu kinacholizunguka tufe, na misuli midogo nyuma yake inayolivuta likae mahali pake. Masharti uliyopewa yananionyesha kwamba daktari aliingilia kwa nyuma. Anayepita huko hukata sehemu ya kifuko hicho na baadhi ya misuli hiyo, kisha huishona. Nyuzi zinashika, lakini nyama yenyewe inahitaji wiki nyingi kuungana na kukomaa. Katika kipindi hicho kuna mwendo mmoja ambao nyonga ya namna yako haiupendi kabisa: goti kupanda juu, mguu kuvuka mwenzake, na paja kujizungusha kuelekea ndani, yote kwa pamoja. Shingo ya chuma inayolibeba tufe inagonga ukingo wa kikombe kwa mbele, inafanya kazi kama wenzo, na tufe linanyanyuka na kutokea nyuma.

Sasa tazama siku zako mbili. Siku ya simu uliketi, ukainama sana, ukajipinda upande wa nje wa mguu. Siku ya pili ulilala ubavu, magoti juu, mguu ukavuka. Ni mwendo ule ule, mwanangu. Mara zote mbili tufe limepita mlango mmoja, tena bila nguvu kubwa.

Lakini daktari wako ana habari nyingine kwenye faili. Kwake yeye, mara ya kwanza mgonjwa alisahau masharti, na mara ya pili aliteleza akaanguka. Anayeanguka vibaya anaweza kutoa hata nyonga iliyowekwa vizuri, kwa hiyo hana sababu ya kukishuku kikombe chake. Akijua kwamba imetoka mara mbili kwa mwendo mwepesi, upande ule ule, tena ya pili wiki ya tisa wakati kifuko kilitakiwa kiwe kimeanza kushika, swali linabadilika. Atataka kupima pembe za kikombe na za ule mpini ulioingia ndani ya paja, na eksirei ya kawaida haitoshi kwa kazi hiyo. Kipimo cha CT ndicho kinachoonyesha vizuri. Atataka pia kujua kama misuli ya kando ya nyonga inafanya kazi. Uongo wenu umemfungia njia hiyo, na ndiyo sababu nakuhimiza hivi.

Maneno ya kumwambia ni haya, wala hayahitaji zaidi: "Daktari, siku ile sikuanguka. Nilikuwa na mume wangu kitandani, nimelalia ubavu wa kushoto, goti la kulia limekunjwa sana, mguu ukavuka mwenzake, nikasikia mlio." Kama kinywa kitakataa, yaandike kwenye karatasi umpe. Au mwambie muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia wa kike, naye atayafikisha. Daktari wa mifupa amekwisha kuyasikia haya. Atakachofanya ni kukuuliza mguu ulikuwa umeelekea wapi.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma tangu nikiwa kazini. Mgonjwa tunamfundisha namna ya kuvaa soksi, kuingia kwenye gari, kukaa chooni, kisha tunamruhusu aende nyumbani kwa mwenzi wake bila kumwambia neno moja kuhusu kitanda. Mwanamke wa miaka 38! Kisha tunashangaa akija usiku na hadithi ya bafu. Kosa hilo ni letu sisi tuliovaa sare.

Umeuliza kama kosa ni lako. Katika watu 100 wanaowekewa nyonga ya bandia kwa mara ya kwanza, kati ya mmoja na watatu hivi hupatwa na hili, na wengi wao ni ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Ikishatoka mara moja, kifuko kinachanika upya na hatari ya kurudia inapanda sana. Mara nyingi hukadiriwa kuwa theluthi moja au zaidi ya waliotokewa hurudiwa. Kwa hiyo ya pili haikutoka hewani. Ulifanya mwendo mbaya, ndiyo, lakini mwendo mbaya peke yake hautoshi kila mara. Wapo wanaoinama, wanaokunja nne, wanaosahau kila kitu, na nyonga inakaa. Ndiyo maana baada ya mara mbili haifai kuishia kwenye kumkemea mgonjwa.

Ukikaa mbele ya daktari, muulize kwanza pembe. Tangu 1978 upo mwongozo unaotumiwa sana: kikombe kiinamie nyuzi kama 40 na kielekee mbele nyuzi kama 15, kwa kuzidi au kupungua 10. Lakini usishangae akikuambia chako kimo ndani ya vipimo hivyo, maana nyonga nyingi zinazotoka zimo humo pia. Muulize tufe lina kipenyo gani. John Charnley, daktari Mwingereza aliyeanzisha upasuaji huu kwa namna tunayoujua leo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alitumia tufe la milimita 22 hivi. Siku hizi la 32 au 36 ni la kawaida. Tufe kubwa linahitaji kusafiri mbali zaidi kabla halijaruka ukingo. Muulize pia kuhusu mgongo wako. Ukiketi, fupanyonga hujilaza nyuma kidogo ili kikombe kilipishe paja. Mgongo uliokakamaa hauruhusu hilo, na selimundu inaweza kuuharibu uti wa mgongo kama ilivyoharibu nyonga.

Na usiondoke bila kuuliza kuhusu maambukizi. Wenye selimundu hushambuliwa na vijidudu vya mifupa kirahisi zaidi kuliko wengine, na nyonga yenye usaha ndani inaweza kulegea na kutoka. Kama una homa, mshono unatoa maji, au una maumivu yanayokuamsha usiku hata ukiwa umetulia, hayo usiyangojee kliniki.

Kuhusu kufunguliwa tena: hakuna aliyekuhukumia bado. Walio wengi miongoni mwa wanaotokewa mara moja hupona bila kisu kingine. Kadiri inavyojirudia ndivyo matumaini hayo yanavyopungua, na ikifika mara ya tatu mimi mwenyewe nisingekushauri uendelee kurudishiwa tu, kwa sababu kila safari tufe linakwaruzwa, misuli inachanika, na wewe unapewa dawa ya usingizi upya. Kazi yenyewe hutegemea kilichoonekana. Kikombe kilichokaa vibaya hugeuzwa. Kikiwa sawa, wakati mwingine hubadilishwa tufe na bitana ya plastiki iliyo ndani ya kikombe tu. Kuna pia aina ya tufe dogo linalozunguka ndani ya tufe kubwa la plastiki, nalo likazunguka ndani ya kikombe. Ilibuniwa Ufaransa miaka ya 1970, na kwa nyonga zinazotokatoka imesaidia wengi. Ile inayofungia tufe lisiweze kutoka kabisa hubaki ya mwisho, kwa sababu inapunguza mwendo na hulegea mapema, na wewe bado una miaka mingi ya kuitumia.

Mwili wako utahimili? Umeshahimili mara moja, na hilo si dogo. Linalotakiwa ni daktari wako wa selimundu akae na wa mifupa na wa usingizi kabla ya siku yenyewe. Waangalie wingi wa damu yako na kama unahitaji kuongezewa, wakuwekee maji ya mshipani mapema, usipate baridi, oksijeni isishuke, na maumivu yadhibitiwe sawasawa. Mgonjwa wa selimundu anayefungishwa kula na kunywa tangu usiku bila dripu anaweza kuamka na maumivu makali ya mwili mzima yasiyohusu nyonga hata kidogo. Liseme hilo kwa sauti kila unapolazwa, hata kama limeandikwa.

Lakini kulala chali kutwa, hapana. Hapo unajidhuru kwa kudhani unajilinda. Kinachoishika nyonga yako sasa, wakati kifuko kinapona, ni misuli ya kando na ya makalio, na misuli isiyotumiwa husinyaa upesi. Juu ya hayo, damu kuganda mguuni ni hatari baada ya upasuaji huu, na selimundu inaiongeza. Muulize mtaalamu wa mazoezi akuanzishie tena: kukaza makalio ukiwa umelala, kuusogeza mguu pembeni bila kuupinda, kisha kusimama umeshika kitu imara na kuunyanyua kuelekea nje. Tembea kwa gongo, mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo. Ukigeuka, geuka kwa hatua ndogo, usijizungushe juu ya mguu huo. Kaa kwenye kiti kirefu ambacho magoti yako hayapiti juu ya nyonga. Lile kochi liache kwanza. Kilichoanguka chini kiokotwe na mtu mwingine au kwa fimbo yenye koleo. Usiku weka mto mnene katikati ya mapaja, na ukilala ubavu mto huo ufike mpaka kwenye vifundo vya miguu, ili mguu wa juu usianguke mbele. Mto huo ungekuwepo usiku ule, pengine usingeniandikia. Na hesabu ya wiki za kujihadhari huanza upya tangu siku ilipotoka. Wengi hupewa kati ya wiki 6 na 12.

Tufike chumbani.

Ndoa yako haijafika mwisho. Mume wako ameisikia nyonga ya mkewe ikichomoka akiwa amemkumbatia. Hebu fikiri amekuwa akiusikia mlio ule mara ngapi tangu hapo. Anayekaa mbali kwa woga si sawa na anayekaa mbali kwa kuchoka, ila kwa anayelala peke yake vyote vinafanana, kwa hiyo mmoja wenu lazima aseme. Anza wewe. Mwambie: "Hukuniumiza. Nililala vibaya na hakuna aliyetufundisha." Kisha mwombe aende nawe kwa daktari na kwa mtaalamu wa mazoezi. Mwanamume aliyeonyeshwa kwa macho yake mguu huu uende wapi na usiende wapi huacha kuogopa haraka kuliko aliyeambiwa "usijali". Arudi kitandani kulala tu, kwanza. Mto katikati ya mapaja yako haumzuii kukushika mkono.

Tendo lenyewe lisubiri ruhusa ya daktari baada ya uchunguzi huu. Baada ya upasuaji ulioenda salama wengi huruhusiwa wiki ya sita au ya nane. Wewe, kwa kuwa imetoka mara mbili, jiandae kungoja zaidi. Mkiruhusiwa, lala chali, mguu wa kulia umeelekea nje kidogo na mto chini ya goti kwa upande wa nje, magoti yasivutwe kifuani, na yeye ajibebe kwa mikono yake badala ya kukuegemea. Ubavu pia unawezekana, mradi mito iujaze uwazi wote kati ya miguu na nyonga ibaki karibu kunyooka. Kupiga magoti huku umeinama mbele, au kuketi juu yake na kuinamia kifua chake, kunaikunja nyonga kupita kiasi, hayo yaacheni. Na wewe uliyebeba nyonga ndiye uongoze mwendo. Ukisema "simama", asimame papo hapo bila kuuliza. Haya nayasema kwa aliyepasuliwa kwa nyuma kama ninavyokudhania. Aliyepasuliwa kwa mbele, hatari yake ni kuunyoosha mguu nyuma huku vidole vimegeukia nje, kwa hiyo thibitisha kwanza uliingiliwa upande gani.

Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, mume wako ajue haya kwa moyo. Asiuvute mguu wala asijaribu kuurudisha. Akuache katika mkao ulioupata, aushikilie mguu kwa mito, aite gari la wagonjwa. Usile wala usinywe, kwa sababu utahitaji dawa ya usingizi. Na kwa kuwa mwili wako haupaswi kukaukiwa maji, neno la kwanza mkifika liwe "ana selimundu, anahitaji dripu". Jaribu kuinua kidole gumba cha mguu huo na unyayo wake. Ukishindwa, au mguu ukafa ganzi, waambieni mara moja: mshipa mkubwa wa fahamu unapita nyuma kabisa ya nyonga na tufe lililotoka linaweza kuukandamiza. Ikirudishwa ndani ya saa chache ni rahisi zaidi na salama zaidi kuliko ikikaa. Na safari hiyo, daktari akiuliza imetokaje, aambiwe ilivyotoka.

Mama mkwe hana haja ya kujua. Mwambie daktari bado anachunguza kwa nini nyonga haishiki, maana ndivyo itakavyokuwa ukishapiga ile simu. Ukishapimwa, niandikie pembe zimesomwaje na tufe ni la milimita ngapi, tuangalie pamoja maswali ya kwenda nayo siku ya pili.

Shangazi